Mtoto Mwenye Kifafa Tumrudishie Siku Yake

Ndugu zangu wa Makongeni, nanyi mliohamia mitaa mingine ya Eastlands kupisha mradi wa nyumba mpya, nina ombi kwenu. Linahusu watoto wetu wenye kifafa. Sipitishi bakuli la mchango. Ninaomba tubadilishe namna tunavyowatazama watoto hawa, tunavyowatuma, tunavyocheza nao, na maneno tunayoyasema juu yao huku wakitusikia.

Sote tunajua inavyokuwa. Mtoto akianguka uani, ploti nzima iko nje. Mwili unakakamaa, unatetemeka, povu linatoka mdomoni. Mara nyingi yote hayo huchukua dakika moja au mbili, kisha mwili unalegea, mtoto anapitiwa na usingizi, na baadaye anaamka akiuliza kwa nini watu wamemzunguka. Kwake yeye yamekwisha. Kwetu ndiyo kwanza yanaanza. Kuanzia siku hiyo jirani anamkataza bintiye kunywa naye kikombe kimoja. Vijana wa mpira hawamwiti tena uwanjani. Shuleni anaambiwa akae tu, asihangaike. Mamake, kwa mapenzi na hofu, anaacha kumtuma dukani. Kifafa kilichukua dakika mbili. Saa zilizobaki za siku ile, na za siku zinazofuata, tumezichukua sisi.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze. Habari za dawa na daktari ni za lazima, na nitazifikia. Lakini tukiishia kuhesabu mara ngapi mtoto ameanguka mwezi huu, tutakuwa tumeuliza swali moja na kuacha mengi. Analala vizuri? Ana rafiki? Anaosha vyombo, anakwenda dukani, anarudisha chenji sawasawa? Anacheka? Anaamini kwamba siku moja atakuwa mtu mzima mwenye kazi na nyumba yake? Mtoto anaweza kukaa miezi mitatu bila kuanguka na bado akawa hana raha hata siku moja.

Tusidhani jambo hili liko mbali. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba Korogocho na Viwandani, na kuchapishwa mwaka 2024, ulikadiria kuwa watu karibu 12 katika kila 1,000 wanaishi na kifafa, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata dawa. Viwandani ni wadi jirani yetu. Tuko nayo katika eneobunge moja la Makadara. Ikiwa hali ya kwetu inakaribiana na hiyo, basi shule yenye wanafunzi elfu moja ina watoto kama kumi hivi wenye kifafa. Unawajua wangapi? Wengine wamefichwa. Wengine hata wazazi wao hawajatambua.

Na machungu ya moyoni nayo yamepimwa. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust waliwalinganisha watoto wa miaka 6 hadi 9 wenye kifafa na wenzao wasio nacho. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba asilimia 49 ya watoto wenye kifafa walikuwa na matatizo ya tabia. Kwa wenzao, ilikuwa asilimia 26. Sehemu ya tofauti hiyo inatoka kwenye ubongo wenyewe, maana hitilafu inayoleta kifafa inaweza pia kugusa kumbukumbu, utulivu na hasira. Sehemu inatoka kwenye dawa: fenobabitoni, kwa mfano, humfanya mtoto mmoja asinzie na mwingine asitulie kabisa. Lakini iko sehemu inayotoka mlangoni, uani na darasani. Hiyo haihitaji kungojea daktari.

Tuanze na hofu ya kuambukizwa, kwa sababu ndiyo mama wa mengine yote. Kifafa hakiambukizwi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa kikombe, si kwa kulala kitanda kimoja. Ni hitilafu katika umeme wa ubongo, inayokuja na kupita. Huweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au jeraha la kichwa. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Mwaka 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika ya wakati ule. Aliwakuta wagonjwa wanaotengwa, wanaokula peke yao, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka kwenye mafiga, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa kwa kuamini kwamba mate yao yangewaambukiza. Moto ule haukuwa dalili ya kifafa. Ulikuwa tunda la hofu ya majirani. Walipoanza kupata dawa na kuanguka kukapungua, wengi walirudi shambani na kukaa tena na watu wao. Zaidi ya miaka sitini imepita. Itakuwa aibu kwetu, watu wa jiji, tukiendelea kumtengea mtoto kikombe.

Kwa hiyo, jirani, jifunze kumsaidia anayeanguka. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, sweta au kanga iliyokunjwa. Mlegeze kola au tai. Tazama saa. Mtetemeko ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake, ila wewe unaweza kumvunja meno. Usimpe maji wala dawa ya kumeza kabla hajaamka kabisa, na usimnusishe kitu chochote. Mtetemeko ukipita dakika 5, au akianza tena kabla fahamu hazijarudi, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, au ameumia, au ameangukia majini, mkimbize hospitali. Na atakapofumbua macho, akute uso mmoja anaoufahamu ukimwambia, "Uko salama, tuko hapa." Umati na uende zake. Akiwa amejikojolea, mfunike. Na simu ziwekwe mfukoni, isipokuwa mzazi ameomba video ya kumwonyesha daktari, kwa kuwa video hiyo humsaidia sana daktari kutambua aina ya kifafa. Kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ni kumvua mtoto nguo mbele ya mtaa.

Sasa mzazi mwenzangu, neno langu kwako nalisema kwa heshima, maana wewe ndiye unayeamka usiku kusikiliza anavyopumua. Usimwondolee mtoto kazi zote. Mtoto asiyetumwa hujifunza kwamba hawezi. Mpe kazi, ila uipange. Apike, lakini mtu mzima awe karibu, jiko liwe mahali lisipopinduka, na sahani ndiyo ipelekwe kwenye sufuria, sufuria ya moto isibebwe. Aoge mwenyewe, lakini kwenye mabafu yetu ya pamoja mlango usifungwe kwa komeo. Mtu asimame nje akipiga naye soga. Beseni la maji lisiwe kubwa, kwani hata maji machache yanaweza kumdhuru aliyeanguka kifudifudi. Alale kitanda cha chini. Aende dukani, na mwenye duka ajue jina lake na namba yako ya simu. Kuvuka Jogoo Road na kukatiza reli, aongozane na mtu. Mpira acheze, kuogelea kunahitaji mtu mzima anayejua kuogelea aliye karibu naye, na kupanda miti au kuta tumzuie. Kazi ikipangwa hivi, atakosea na atasahau kama watoto wengine. Muonye kama unavyowaonya ndugu zake, kwa sauti ileile. Huruma inayomsamehe kila kitu humwambia kwamba humtarajii kufika popote.

Na hao ndugu zake nao wakumbukwe. Dada anayekatishwa kucheza kila mara ili amchunge mdogo wake anaweza kubeba kinyongo asichokisema. Mpe naye saa zake. Vilevile wewe mama, ambaye mara nyingi ndiwe unayelaumiwa, na wakati mwingine ndiwe uliyeachwa: uchovu wako ni sehemu ya afya ya mtoto. Wenzako wa chama wakiketi na mtoto jioni moja ili upumzike, wamemtibu yeye pia. Na baba, nenda kliniki. Mtoto anayemwona baba yake ameketi kwenye benchi ya kliniki huambiwa jambo ambalo hakuna hotuba inayoweza kulisema.

Mwalimu, wewe uko na mtoto huyu saa nyingi za mchana kuliko mzazi wake. Iko aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Mtoto anaganda sekunde chache, macho yamekodoa, kope zinapepesa, kalamu imesimama, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika sekunde hizo hasikii. Ikitokea mara nyingi kwa siku, nusu ya somo inampita, na sisi tunasema ana ndoto za mchana au ni mkaidi. Ukimwona hivyo, ita mzazi na mwelekezeni zahanati. Kiboko hakitibu ubongo, na kwa vyovyote vile kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu za kudhalilisha, za mwili na za akili, na inakataza shule kubagua wakati wa kupokea wanafunzi. Hakuna kanuni inayosema mwenye kifafa akasomee nyumbani.

Mambo madogo darasani yana uzito mkubwa. Muweke mahali unapomwona vizuri. Akianguka na kuamka, mpe nafasi alale kidogo, kisha arudi darasani. Kumrudisha nyumbani kila mara ni kumnyang'anya muhula kidogo kidogo. Mwandikie kazi ya nyumbani kwenye daftari badala ya kuitaja tu, maana kumbukumbu yake inaweza kuwa dhaifu siku hiyo. Mwombe mzazi karatasi moja yenye aina ya kifafa, dawa, namba ya simu na la kufanya, uihifadhi ofisini. Ukipata ruhusa ya mtoto na mzazi, lieleze darasa kwa lugha nyepesi. Watoto wakielezwa vizuri huwa walinzi wazuri kuliko sisi. Na ikiwa masomo yanamlemea hata baada ya hayo yote, vituo vya tathmini ya elimu vipo, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iko Kasarani. Tathmini lengo lake ni kujua anavyojifunza, ili asaidiwe.

Mwenye timu ya vijana, mwalimu wa kwaya, mwalimu wa madrasa: mwiteni. Uwanja wa Camp Toyoyo kule Jericho umelea vipaji vya mitaa hii kwa miaka mingi. Kijana mwenye kifafa kilichotulizwa na dawa anaweza kucheza humo. Waambieni wenzake la kufanya akianguka, basi, mechi iendelee. Mtoto anayehitajiwa na timu Jumamosi ana sababu ya kuamka Jumatatu.

Ninyi viongozi wa dini, sauti yenu inasikika kuliko ya daktari. Ombeeni watoto hawa, hakuna anayewazuia. Lakini tafadhali, msimwambie mtoto kwamba ana pepo. Neno hilo huingia na halitoki. Analala nalo, anajiogopa mwenyewe. Na msimwambie mzazi aache dawa ili kuonyesha imani. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mtetemeko usiokoma, na mtetemeko huo unaweza kuua.

Hapa ndipo tunapofika kwenye dawa. Dawa ya kifafa haifanani na panadol, ambayo unameza kichwa kikiuma. Inamezwa kila siku, saa zilezile, hata mtoto akiwa mzima kama chuma. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na dawa za kuanzia si za bei ghali. Daktari huanza kufikiria kupunguza dawa baada ya miaka kadhaa bila kuanguka, kwa kawaida miwili au zaidi, na ni yeye anayeamua. Kukosa usingizi, homa na dozi iliyorukwa hurudisha kifafa. Ikiwa mtoto amebadilika tabia tangu aanze dawa mpya, mwambie daktari. Zipo dawa nyingine. Ikiwa ni binti anayekaribia ujana na anatumia valproeti, muulize daktari mapema, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni akija kushika mimba. Usiiache mwenyewe; uliza.

Dawa ya kila siku hutegemea kliniki na watu wanaomjua mtoto, na hapo ndipo kuhama kunapoingia. Mtaa huu, uliojengwa kwa wafanyakazi wa reli, ulikuwa wa watu waliojuana. Familia zinapotawanyika, mtoto mwenye kifafa anapoteza vitu vitatu kwa mpigo: kliniki inayomjua, mwalimu anayemjua, na majirani waliokwisha kujifunza kumlaza ubavu. Unayehama, beba kadi ya kliniki na dawa za kutosha, na uandikishe mtoto katika kituo cha afya cha mtaa mpya kabla vidonge havijaisha. Mweleze mwalimu mpya siku ya kwanza, usingoje aanguke. Nasi tulio karibu na wageni hao, tusingoje kuombwa. Twende tukapige hodi.

Kuna jambo tunaloliogopa, nalo ni huzuni ya mtoto. Mtoto hasemi, "Nina msongo wa mawazo." Anakataa kwenda shule. Anagombana. Anajitenga, anakosa usingizi, anasema tumbo linauma kila asubuhi. Mwenye umri mkubwa zaidi husema, "Mimi ni mzigo tu." Maneno hayo yasipuuzwe. Muulize, mkiwa wawili, bila haraka: "Ni nini kinachokuuma zaidi kuliko kuanguka?" Utashangaa ni mara ngapi jibu litakuwa jina la utani aliloitwa. Akigusia kufa au kujidhuru, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo kote Kenya. Kliniki nayo iombwe hivi: kila mtoto anapopimwa uzito, aulizwe pia habari za moyo wake.

Mtoto anayedhani yuko peke yake, mwonyeshe wengine. Sitawa Wafula, Mkenya anayeishi na kifafa na pia ugonjwa wa akili, amesimama hadharani kuyasema yote mawili na kuanzisha huduma ya kuwasaidia wenzake. Siku ya Zambarau, siku ya kifafa ambayo huadhimishwa duniani kila Machi 26, ilianzishwa mwaka 2008 na msichana wa miaka tisa wa Kanada, Cassidy Megan, aliyekuwa na kifafa na aliyetaka watoto wengine wajue kwamba hawako peke yao. Hapa Nairobi, chama cha KAWE kimekuwa kikiwahudumia wenye kifafa tangu 1982. Mzazi anaweza kuwafikia na kukutana na wazazi wenzake.

Kwa serikali ya kaunti na wawakilishi wetu, ombi ni fupi. Dawa za kifafa zisikosekane kwenye vituo vya karibu kama Makadara na Jericho, kwa sababu mzazi anayeambiwa "rudi wiki ijayo" anarudi na mtoto aliyeanguka. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari wanabisha milango yetu, wafundishwe kukitambua kifafa na kuuliza hali ya akili ya mtoto na ya mamake. Na mpango wa kuhamisha watu uhesabu wagonjwa wake, sio nyumba peke yake.

Sisi wengine tusingoje kaunti. Jumatatu ya pili ya Februari ni Siku ya Kimataifa ya Kifafa. Nyumba kumi, chama, shule na kanisa vinaweza kupanga saa moja ya kufundishana kumlaza mtu ubavu. Hakuna gharama ila muda. Lakini hata hiyo ni mbali. Leo hii yupo mtoto unayemjua. Mwite kwa jina lake, wala si kwa ugonjwa wake. Mtume, na umshukuru akirudi. Mwache mwanao anywe naye chai. Muulize mamake kama dawa ipo, na kama amelala. Tukifanya hayo, kifafa kitabaki na dakika zake mbili, na mtoto atabaki na siku yake. Tafadhali, tuanze leo.